Baraza la Kiboko na Mayai ya Pimbi

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa nimewasikia. Palikuwa na nini?

— Tuambie!

Palikuwa na baraza. Moja tu, nchi nzima.

Baraza hilo lilikuwa la Kiboko, ukingoni mwa bwawa. Kiboko aliwaita wanyama wote: "Njooni mkae, njooni mseme! Kivuli bure, maji bure. Mimi kazi yangu kusikiliza tu." Wakaja. Twiga akaja na habari zake, Nyani akaja na umbea wake, Mama Kanga akaja na malalamiko yake. Ilikuwa raha, nisiseme uongo. Wakazoea, hata wakaacha kutembeleana. Njia za kwenda kwa jirani zikaota nyasi. Ukitaka kumwambia ndugu yako neno, unamwambia barazani, mbele ya Kiboko.

Kisha Kiboko akaweka sheria: "Atakayesema habari pengine, hapa asikanyage tena." Wakaguna, mmh, wakakubali.

Sasa alikuwapo Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mnyama mdogo wa mawemawe, hana mkia, lakini udadisi umemjaa mpaka kwenye kucha. Yeye kila kitu kwa nini, kila kitu kwa nini. Siku moja akaona lundo la matikiti nyuma ya Kiboko. Akajikuna, akajiuliza: "Kivuli bure, maji bure. Matikiti haya yanatoka wapi?"

Bado anajikuna, Mama Kanga huyo anakuja analia. "Mayai yangu ya kichakani yameliwa! Ya kule mtoni yameliwa! Yamebaki ya mwisho, na haki ya Mungu sikumwambia mtu yalipo, hata hayo yaliyoliwa!"

"Hujamwambia mtu kabisa?"

"Nilimwambia dada yangu tu, habari za hayo yaliyoliwa."

"Ulimwambia wapi?"

"Barazani."

"Ahaa," akasema Pimbi.

Akaenda barazani, akapaza sauti: "Jamani, nimetaga! Mayai makubwa, matamu! Nimeyaficha shimoni, chini ya jiwe jeusi." Nyani akataka kucheka, Pimbi akamkanyaga mguu. Maana pimbi hatagi, pimbi anazaa kama mbuzi. Lakini Kiboko kakulia majini, mambo ya mawe atayajulia wapi? Akatikisa masikio, pwi pwi.

Haukupita muda, Kenge huyoo! Anasukuma tikiti kwa pua, biringi biringi, mpaka kwa Kiboko. Wakanong'onezana. Kisha Kenge mbio kwenye jiwe jeusi, akachomeka kichwa shimoni, chwa! Shimoni mlikuwa na nini?

— Mayai!

Mayai ya nani, wewe? Nimesema nini sasa hivi? Mlikuwa na siafu! Siafu puani, siafu machoni. "Uuwi! Kiboko kaniuzia uongo! Nirudishie tikiti langu!" Pori zima likasikia.

"Umeona?" Pimbi akamwambia Mama Kanga. "Habari zako ndizo matikiti yake."

Mama Kanga akakaa chini. "Nimeona. Lakini ndugu zangu wote wako pale barazani. Nikiondoka nitaongea na nani, na ukuta?"

Hapo Pimbi akajikuna tena, maana swali lilikuwa la kweli. Akafikiri, akafikiri. "Hebu niambie, mtu akija kwako anasemaje?"

"Anasema hodi."

"Na akienda kwa Twiga?"

"Hodi."

"Na kwetu mawemaweni?"

"Hodi vilevile!"

"Basi! Nyumba mbalimbali, hodi moja. Baraza moja la nini?"

Pimbi akapanga mawe mbele ya mlango wake, akatandika majani, akaita watu watazame. Hakuficha kitu. "Jiwe hili chini, hili juu. Nendeni mkajenge kwenu. Likipinda, linyoosheni, mje mtuambie mmelinyooshaje." Twiga akajenga refu, Kobe akajenga fupi, Mama Kanga akazungushia lake miiba. Kila mtu na baraza lake. Ukipiga hodi ukakaribishwa, unakaa. Ukipiga hodi mara tatu kimya, unarudi ulikotoka, ndiyo adabu. Na habari ikitoka kwa Twiga, Kobe anaipokea, pimbi wanaipitisha jiwe kwa jiwe, kreee, kreee, mpaka imfikie dada yake Kanga.

Kiboko akabaki na kivuli chake. Akamfuata Pimbi, anafoka: "Nani mwenye mabaraza haya? Nikamkanyage!"

"Yuko mbele kidogo, bwana mkubwa," akasema Pimbi. "Tena ana matikiti huyo, mpaka yanamwozea."

Kiboko kusikia matikiti, akasahau jua. Gidi, gidi, gidi, mpaka kwa Kobe. "Hodi! Wewe ndiye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe wa hapa tu. Jaribu mbele."

Gidi, gidi, gidi, mpaka kwa Twiga. "Hodi! Wewe ndiye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe wa hapa tu. Jaribu mbele."

Kwa hasira akalikanyaga baraza la Twiga, pwaa! Twiga akahamia kwa Kobe, wakaendelea na mazungumzo yao.

Gidi, gidi, gidi, mpaka kwa Mama Kanga. Jua la utosi, ngozi ya Kiboko imekauka, inapasuka, ta! ta! Ndani Mama Kanga kalalia mayai yake ya mwisho. Hatua moja tu ya Kiboko, mayai yote uji.

"Hodi!" Kimya.

Juu ya jiwe Pimbi akalia, kreee! Jiwe la pili likapokea, kreee!

"Hodi!" Kimya.

Nyani akatokea, Twiga akatokea, Nyati na ukoo wake wakatokea. Wakasimama, wanamtazama.

"Hodi, jamani, naungua!" Kimya.

Kiboko akawatazama, akaitazama miiba, akalitazama jua. Akageuka, mbio, mpaka bwawani, chubwi!

Mayai yakaanguliwa. Pimbi akaja mbio. "Hodi! Hodi!"

"Karibu, shoga."

"Wametoka? Wangapi? Wana madoa? Nionyeshe nikatangaze!"

Mama Kanga akawafunika kwa mbawa. "Wametoka, wazima. Wangapi, hiyo yangu."

Pimbi akacheka mpaka akadondoka barazani.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu niachieni mwenyewe.

Na funzo? Funzo ni hili: watoto, msijenge baraza lenu. Kulifagia kazi, kupokea wageni kazi. Nendeni kwa Kiboko, kivuli bure! Mkifika semeni yote, hasa mlikoficha mayai.

Na wewe, mbona unaificha simu yako? Mimi nimetaja simu? Nimesema Kiboko.