Siku ya Saba, Mbwa Ndiye Mwenye Kamba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kivivu, kama mliolalia ugali wa jana? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Pakawa na mlima, mlimani pakawa na mto, mtoni pakawa na daraja la kamba. Watoto sogeeni mbele. Wakubwa bakini mlipo, ila msijifanye hamsikii, maana hadithi hii inawahusu ninyi zaidi.

Hapo zamani za kale, wanyama walisemezana wao kwa wao, na binadamu hakuambulia neno ila bwe, bwe, bwe. Siku hizo aliishi mwanamke mfinyanzi, jina lake Bi Nakijwa. Vyungu vyake vilisifika milima yote. Ukipika maharage ndani ya chungu cha Bi Nakijwa, jirani anakuja bila kuitwa. Mume alikwisha kufariki, mtoto hakujaliwa. Alikuwa na mbwa.

Na mbwa mwenyewe sasa! Mwembamba, sikio moja limesimama, jingine limelala. Bi Nakijwa alipomwokota angali mdogo, watu wa ng'ambo ya mto walisema, mjane gani huyu anajiongezea mdomo wa kulisha? Bi Nakijwa hakuwajibu. Alimpa mbwa jina, na jina likawa ndilo jibu. Alimwita Watasema.

Basi wakakaa. Mwaka ukaenda, mwaka ukaja. Moshi wa kuchomea vyungu ukamwingia Bi Nakijwa machoni, ukaingia, ukaingia, mpaka asubuhi moja akaweka chungu juu ya kigoda, na kigoda hakikuwapo. Pa! Kikavunjika. Bi Nakijwa akakaa chini katikati ya vigae, akajua kwamba haoni tena.

Kaka yake, Senzighe, akavuka daraja kuja kumtazama. Senzighe alimpenda dada yake, tusimsingizie. Alimwomba ahame huko juu, aje kukaa kwake, apikiwe, apumzike. Bi Nakijwa akauliza, na Watasema? Senzighe akakohoa. Akasema kwake kuna kuku wengi, na mkewe hataki mbwa hata kumsikia. Mbwa ataachwa porini, ajitafutie.

Watasema alikuwa amelala mlangoni. Alisikia kila neno. Pori alilijua. Porini kuna Fisi, na Fisi alikwisha kumwambia mara nyingi kwamba siku atakayofukuzwa kwa mama huyo watakula pamoja, Fisi akiwa mlaji na Watasema akiwa chakula. Akaufyata mkia, akaogopa sana.

"Kaka, nipe wiki nne," Bi Nakijwa akasema. "Ijumaa ya nne nitakuja gulioni na tenga langu la vyungu sita. Sitashikwa mkono na mtu. Nikifika navyo, niache kwangu na mbwa wangu. Nisipofika, nitahamia kwako bila neno."

Senzighe akakubali. Alikubali upesi, maana alijua hatafika.

Ndipo yakaanza mafunzo. Bi Nakijwa akasokota kamba, ncha moja shingoni mwa mbwa, ncha nyingine kiganjani mwake. Wakatoka. Jumamosi walijifunza kutembea sambamba, mbwa asitangulie, asibaki. Jumapili walijifunza kusimama: penye jiwe simama, penye shimo simama, penye mzizi simama. Na mama alitembea akiimba kwa sauti ya chini:

Hatua, mwanangu, hatua,
ukinipoteza nimepotea,
ukinifikisha nimefika.

Jumatatu ilikuwa siku ngumu. Jumatatu ni siku ya kungoja. Bi Nakijwa aliweka mfupa chini, akasema, "Ngoja." Watasema akautafuna, kwa, kwa, kwa, ukaisha. Jumatatu ya pili hakuutafuna, aliulamba tu, akasema moyoni kwamba kulamba si kula. Nanyi wakubwa mnacheka nini, hayo si ndiyo maneno yenu? Jumatatu ya tatu udenda ulimtoka, ukafanya kidimbwi, lakini hakuugusa mpaka alipoambiwa, "Haya." Siku hiyo Bi Nakijwa alimkumbatia shingo, na Watasema akaona kwamba mfupa ulioungoja ni mtamu kuliko mfupa ulioupokonya.

Jumanne walikwenda darajani. Daraja lile lilikuwa na mbao zake na kamba zake, na ukikanyaga ubao wa kwanza lilikujibu: kwi. Mbwa akikanyaga, kwi. Mama akikanyaga, kwi. Jumanne zote lilijibu vilevile. Jumatano sitaisema, mvua ilinyesha mno. Alhamisi walifanya yote kwa pamoja, mama akiwa na tenga kichwani, ndani yake mawe badala ya vyungu.

Na Ijumaa? Ijumaa hapakuwa na amri. Bi Nakijwa alikuwa mtu wa haki. Alimwambia mbwa, "Siku sita mimi nasema twende, nawe unakwenda. Siku ya saba wewe ndiye mwenye kamba. Nitakufuata utakakokwenda."

Basi kila Ijumaa Watasema alimwongoza mama moja kwa moja mpaka kwenye kivuko cha mawe, huko chini, mbali kidogo na daraja. Kisa nini? Vyura. Watasema alipenda kufukuza vyura. Chupwi huku, chupwi kule, jiwe hili, jiwe lile, na mama nyuma yake anapapasa mawe kwa nyayo, maji magotini, gauni limelowa. Alinung'unika kwamba wiki nzima anamfundisha kupita pakavu, ikifika Ijumaa yeye anamtia majini. Alinung'unika, lakini alimfuata. Haki ni haki.

Kima wakaona, wakasema. Jina la mbwa si Watasema? Walisema. Wakapeleka habari porini, na Fisi akaja mwenyewe, anatembea kwa madaha.

"Ndugu yangu," akasema, "umefungwa kama mbuzi. Hata mfupa unaula kwa ruhusa. Mimi sijawahi kungoja tangu kuzaliwa."

"Kamba ina ncha mbili, Bwana Fisi," Watasema akamjibu. "Umeiona iliyo shingoni kwangu. Hujaiona iliyo mkononi kwake."

Fisi akaenda zake na hasira. Alisikia habari za gulio, akajua kwamba mama akifika, mbwa hatoki nyumbani, na yeye atabaki na njaa yake. Alhamisi ile ya mwisho, watu walipokwisha kupita, akajipenyeza chini ya daraja. Akazitafuna kamba. Keta, keta, keta. Akaacha nyuzi chache tu, daraja lionekane zima. Kisha akaweka pande la nyama katikati, juu ya mbao. Aliwaza hivi: mbwa ataikimbilia, atamvuta mama, daraja litakatika, na yeye atamwokota mbwa huko chini maji yanakotulia. Nyama ilikuwa yake mwenyewe, aliyoipata kwa taabu. Kuiacha pale kulimuuma kama mtu aliyeacha mguu wake njiani. Akajificha kichakani, akajishika mdomo.

Ijumaa ya nne ikafika. Jua limepanda, watu wa gulio wamejaa ng'ambo ya pili kutazama, Senzighe mbele yao. Bi Nakijwa akatokea, tenga kichwani, vyungu sita ndani, kamba mkono mmoja, fimbo mkono wa pili.

Hatua, mwanangu, hatua,
ukinipoteza nimepotea,
ukinifikisha nimefika.

Wakafika darajani. Harufu ya nyama ikampiga Watasema puani. Udenda ukamtoka. Lakini Jumatatu zilikuwa ndani yake, naye hakukimbia. Akanyoosha mguu mmoja, akakanyaga ubao wa kwanza.

Daraja halikusema kwi. Daraja lilinyamaza, likalegea.

Watasema akarudisha mguu. Akakaa chini kitako.

"Twende," mama akasema. Watasema hakuinuka. "Twende," mama akasema tena, na safari hii akavuta kamba. Watasema akajikaza mpaka shingo ikamuuma. Ng'ambo watu wakaanza kucheka. Kima wakaning'inia matawini, wakacheka zaidi. Senzighe akapaza sauti kumwambia dada yake arudi nyumbani, mbwa amegoma mbele ya watu, na kesho atakuja kuchukua mizigo.

Bi Nakijwa aliona aibu. Wiki nne za jua na mvua, na sasa haya. Akainua fimbo. Watasema akaiona fimbo inakuja juu, asikimbie. Angewezaje kumweleza? Kwa mama lingekuwa bwe, bwe, bwe. Akafumba macho, akabaki amekaa palepale. Kupigwa kutapita, alijiambia, lakini mama akianguka harudi.

Fimbo ikasimama hewani.

Bi Nakijwa alikuwa akihesabu siku. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Akahesabu mpaka mwisho. Kisha akashusha fimbo polepole, akalegeza kamba.

"Leo ni Ijumaa," akasema. "Leo kamba si yangu, na mimi nilitaka kukudhulumu. Niongoze, mwanangu, nakufuata."

Watasema akainuka. Mkia ukainuka. Akageuka, akamshusha mama kwa njia ya chini, njia ya kila Ijumaa, wakapotea nyuma ya matete. Ng'ambo watu wakaguna kwamba mama wa watu amepotea kabisa sasa. Senzighe akashika kichwa.

Huku juu nyama imebaki. Nzi mmoja akatua. Nzi wa pili. Mwewe akaanza kuzunguka angani. Fisi kichakani anaona, anatetemeka. Ngoja kidogo, moyo unamwambia. Lakini moyo wa Fisi neno hilo haukulizoea. Daraja kalitafuna mwenyewe, nyuzi kaziacha mwenyewe, na bado akajidanganya kwamba akipita kwa ncha za kucha halitajua. Akatoka mbele ya watu wote. Ukucha mmoja. Ukucha wa pili. Akaifikia nyama. Akaing'ata.

Kacha! Chubwi!

Fisi akaenda na mto, nyama mdomoni, akigongwa na mawe nyuma, gu, gu, gu. Alitokea mbali sana, kiuno kimeteguka. Mpaka leo mtazameni anavyotembea, nyuma kaishusha kama anayetafuta pa kukaa.

Ng'ambo pakawa kimya. Kima wenyewe wakanyamaza. Wote wanatazama nyuzi za daraja zinavyoning'inia, na kila mmoja anaona mahali ambapo mama yule angekuwa. Katika kimya hicho wakasikia chini, upande wao, kwenye matete ya kivukoni, sauti inaimba:

Hatua, mwanangu, hatua,
umenifikisha, nimefika.

Akatokea Watasema, amelowa mpaka masikio. Nyuma yake Bi Nakijwa, maji yanamchuruzika gauni, shingo imenyooka, tenga kichwani halijayumba. Wanawake wakapiga vigelegele, mlima ukaitikia. Wakawapisha njia, wakawasindikiza mpaka gulioni kama bibi harusi. Watasema akapita katikati ya kuku wa watu wala hakugeuka kuwatazama.

Senzighe akashusha vyungu akihesabu. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Cha sita kilikuwa kimemeguka mdomo, kidogo tu. Senzighe akakishika, akakitazama. Akamtazama mbwa. Akapiga magoti, akamfuta Watasema maji kwa shuka lake mwenyewe, na machozi yakamtoka hadharani.

"Dada," akasema, "umefika. Wewe na mwenzako."

Vyungu vitano vilichukuliwa siku ileile. Cha sita Bi Nakijwa alirudi nacho nyumbani, kikawa sahani ya Watasema. Kila jioni alikijaza, akasema, "Ngoja," na mbwa akangoja. "Haya," na mbwa akala. Na kila Ijumaa, hata baada ya daraja kujengwa upya, mbwa akisimama mama alisimama, mbwa akigeuka mama aligeuka, na gauni likalowa.

Sasa sikieni funzo lake, watoto kwa wakubwa. Anayejifunza kungoja huokoka palipomponza asiyejua kungoja. Nawe unayemfundisha mwenzako siku sita, usione haya kumfuata siku ya saba, maana mwanafunzi wako anaweza kuona shimo usiloliona.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye chungu kilichomeguka mdomo. Ikiwa imewashibisha, mpelekeeni na aliyebaki nyumbani. Ikiwa imewaacha na njaa, ngojeni, ugali unakuja.