Ngiri Aliyemeza Tambiko

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa, nanyi mliokaa upande wa moshi!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijito kiitwacho Mlondo. Wakati wa kiangazi kililala ndani ya mwamba, juu mlimani. Masika kilishuka, lakini si bure. Majirani walipanda njia ya mlimani hadi kwenye mwamba, kila mmoja akajaza kinywa maji ya miwa, akayatema puu! na kusema, "Hasira, toka!" Mmoja akibaki na kinyongo, kijito nacho kilibaki mwambani.

Mwaka mmoja masika yalifika, kijito hakikushuka. Viazi vya Mghoi, mama mmoja mkulima, vikaanza kunyauka. Vikifa, wanawe watalala njaa. Mghoi akajaza kibuyu maji ya miwa, akamwita jirani yake, Ngiri. Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Juu wakamkuta Pimbi, mlinzi wa tambiko.

"Hodi, mzee Pimbi."

"Karibuni. Temeni."

Mghoi akatema, puu! "Hasira, toka!" Ngiri akajaza kinywa. Gudu!

"Umemeza," akasema Pimbi.

"Yamepita yenyewe, mzee. Koo langu lina mteremko."

Wakarudia. Mghoi, puu! Ngiri, gudu!

"Umemeza tena!"

"Miwa ya mama huyu mitamu. Nifanyeje?"

Wakarudia mara ya tatu. Puu! Gudu! Mwamba mkavu.

Mghoi akashika kiuno. "We Ngiri, mashavu mapana kama kapu, yanashindwa na funda moja? Wanangu watakula nini?"

"Na mimi nitapita wapi?" Ngiri akafoka. "Njia yangu ya kwenda kunywa maji umeipanda viazi! Kila jioni nazunguka kilima kizima. Nikitema, nitakuwa nimemdanganya mzee."

Njia ile Mghoi aliijua. Udongo wake ulikuwa laini, ndiyo maana aliilima.

"Nitaving'oa vilivyo njiani," akasema.

"Lini?"

"Leo."

Kibuyuni lilibaki funda moja. Mghoi akampa. Ngiri akalishika mashavuni, macho yakamtoka, kisha puu! Likamwangukia Pimbi kichwani.

"Hasira, toka!"

Mwamba ukatoa jasho, ukatoa tone, ukatoa maji. Pimbi akajifuta masikio, akacheka.

Kijito kikashuka, Mghoi akashuka nacho mbio. Akainama njiani, akang'oa. Ngiri alikuwa nyuma yake, anakula kila kinachong'olewa. Tafu, tafu, tafu.

"We Ngiri! Hivyo ni vya wanangu!"

"Nimevikuta njiani kwangu, jirani."

Mghoi akahisi moto kifuani. Akatazama kijito: maji yalikuwa yameanza kupungua.

"Usimeze hicho ulicho nacho mdomoni," akamwambia Ngiri. "Ningoje hapo hapo. Nakwenda kuvunja muwa, nikateme tena."

Akaenda mbio, na hadithi yangu ikaishia hapo, njiani.