Honi Iliyokaa Dirishani

Wapendwa, leo nawaletea mwendesha bodaboda mmoja. Msianze kugeuka kuwatazama vijana wa kijiweni waliokaa nyuma, hayumo humu. Nimemtunga mwenyewe Jumatano nikiwa namenya viazi jikoni, na tangu hapo hajaniacha nikalala vizuri.

Huyu bwana alikaa kule juu milimani, kwenye baridi ya kuvaa makoti mawili, mahali ambapo ukungu ukishuka unaweza kunyoosha mkono wako mwenyewe usiuone. Barabara yao imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja mlima, upande mwingine korongo. Na watu wa kule wana desturi yao. Ukungu ukishuka, mtu wa miguu hatembei pembeni, kwa sababu pembeni kuna utelezi, na ukiteleza upande wa korongo huna cha kushika. Anatembea katikati ya barabara, taratibu, na mzigo wake kichwani. Mwenye pikipiki anajua kwamba katikati kuna watu, kwa hiyo anakwenda akipiga honi mara mbili mbili: pii, pii. Wa miguu akiisikia anaita kwa nguvu, "Nipo!", anasogea upande wa mlima, ananyoosha mkono mpaka aguse udongo, anasubiri apitwe. Ndiyo hivyo tu. Siku ya ukungu bonde zima ni honi na "Nipo!", honi na "Nipo!", mpaka mgeni anadhani kuna watoto wanacheza kujificha.

Bwana huyu alikuwa na mke, na mke alikuwa na shamba la viazi ng'ambo ya kona kali. Jioni mama anatoka shambani na kuni zake kichwani, baba naye anarudi kutoka kwenye kazi yake. Wanakutana pale konani. Honi mbili. "Nipo!" Anampakia, kuni zinafungwa nyuma, wanakwenda nyumbani. Hawakuwa watu wa kuambiana maneno matamu hawa, mnajua sisi wa milimani tulivyo. Ndoa yao ilikuwa ni ile kuitana pale konani.

Sasa siku moja akashuka mjini, akaona pikipiki imefungwa taa za LED, zile nyeupe zinazokuchoma macho hata jua likiwa limewaka. Akazipenda palepale. Akawaza: wenzangu ukungu ukishuka wanaegesha, wanaota moto. Mimi nikiwa na mataa haya, kazi ni mwanzo mwisho. Na siwezi kusema aliwaza vibaya. Ni nani humu hataki kuona anakokwenda?

Akaenda kwa fundi.

"Nifungie sita," akasema. "Tatu huku, tatu huku."

Fundi akachuchumaa mbele ya pikipiki, akakuna kichwa. "Kaka, sita zinakaa. Lakini chuma cha kuzibeba kinafungwa hapahapa honi ilipo. Na waya nitachukua wa honi, kile kitufe chake nikibadilishe. Ukibonyeza zinawaka, ukibonyeza tena zinazima. Honi yako nitakupa mkononi, halafu urudi nikutafutie pa kuiweka."

"Nitarudi."

"Usikae sana bila honi, kaka. Kwenu kule kuna ukungu."

"Si ndiyo maana nafunga taa, fundi!"

Mnacheka. Haya, chekeni kabisa, maana mbele huko hakuna pa kuchekea. Honi akaitia kwenye mfuko wa koti, na alipofika nyumbani akaiweka dirishani, karibu na kipande cha sabuni ya kufulia. Ikakaa pale.

Na mambo yakamwendea, nisiwadanganye. Abiria wakamtafuta yeye. Harusi zikamwita atangulie msafara. Akipita, watoto wanakimbia pembeni wakishangilia, wazee wanatoka mlangoni kumtazama, na kanisani kwao mchungaji akamtaja madhabahuni kama mfano wa kijana anayejituma. Kila mtu akasifu mataa. Hakuna hata mmoja aliyesema, ndugu yetu, mbona siku hizi hupigi honi?

Hapana, nimekosea. Alikuwepo mmoja. Mkewe.

"Baba Lutengano," akamwambia siku moja wanakula, "siku hizi sikusikii ukija."

"Unisikie ya nini, mama? Mataa yote yale! Utaniona tu."

"Nauona mwanga. Wewe sikuoni."

"Umezoea makelele wewe."

"Na honi yako ipo pale dirishani, inashika kutu."

"Jumamosi nitaipeleka kwa fundi," akasema, akaomba aongezewe mboga.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hata ninyi mnaotazama simu.

Ukungu ukashuka jioni moja, mzito kuliko kawaida. Wenzake wakaegesha. Yeye akawasha mataa yake yote sita akashika njia. Lakini mwanga mkali ukiupiga ukungu hauendi mbali. Unakurudia machoni. Kadiri taa zinavyokuwa kali, ndivyo unavyozidi kuona weupe mtupu mbele yako, kama mtu aliyefunikwa shuka usoni. Hakuona barabara. Alikuwa anakwenda kwa mazoea, kwa kuwa njia aliijua, na kwa kuwa mtu mwenye taa sita anaona aibu kusimama.

Na mkewe alikuwa pale konani, katikati ya barabara, na kuni kichwani.

Akauona mwanga. Mumewe alimwambia ataona, na kweli akaona. Ukungu wote uliwaka mweupe, mbele yake, nyuma yake, juu yake, na hakujua unatoka wapi. Injini aliisikia, lakini mlio wa injini kule unagonga mlima na kurudi, huwezi kujua uko mbele au uko nyuma. Akasubiri honi imwambie. Honi haikuja. Mwanga ukazidi. Akazitupa kuni chini, akaruka kupisha, akanyoosha mkono aguse udongo wa mlima kama siku zote.

Hakukuwa na udongo pale.

Na yule bwana? Alisikia tairi limekanyaga vitu, pikipiki ikayumba kidogo. Akanung'unika peke yake, "Watu wa ajabu hawa, wanaangusha kuni barabarani wanaziacha!" Akanyoosha usukani, akaendelea na safari. Yeye hakumwona mkewe pale konani, akasema basi leo amewahi kurudi.

Akafika nyumbani. Mlango umefungwa, jiko halina moto. Akafikiri, atakuwa amepitia kwa jirani. Na kwa kuwa hakuwa mume mbaya, wapendwa, naomba mlishike hilo, hakuwa mume mbaya, akaigeuza pikipiki ikatazama barabara, akawasha mataa yote ili mkewe aone njia ya kurudi. Akakaa kizingitini na koti lake, ameridhika. Aliona amemfanyia jambo zuri.

Akakaa mpaka kuridhika kukamwisha. Akainuka, akaenda kwenye pikipiki, akaweka kidole gumba palepale alipozoea zamani, akabonyeza mara mbili ili amwite.

Mataa yakazima. Yakawaka. Hakukuwa na sauti yoyote.

Akabonyeza tena. Yakazima, yakawaka. Hapo ndipo alipozikumbuka zile kuni.

Akakimbia kwa miguu kurudi konani, anaita kwa mdomo, anapiga honi kwa mdomo kama mtoto, pii, pii. Njiani akakutana na majirani wanatoka kwenye mashamba ya kule chini, majembe begani.

"Mmemwona mke wangu?"

"Kumwona hatujamwona, kwa ukungu huu nani anamwona nani? Lakini tumemsikia."

"Mmemsikia wapi?"

"Palepale penu, konani. Anaita, 'Nipo! Nipo!' Tena leo ameita sana. Tukasema, baba yake Lutengano kafika huyo, tukaendelea kulima."

Akawauliza, "Na honi? Honi mliisikia?"

Wakatazamana. Jembe la mmoja wao likamdondoka begani.

Walipomfikia kule chini, alikuwa haiti tena.

Baada ya mazishi yule bwana aliitoa honi dirishani, akaifuta kutu kwa kanga ya mkewe, akaipeleka kwa fundi. Mnajua ilichukua muda gani kuifunga? Fundi aliifunga huku chai yake inapoa. Chai yenyewe ilikuwa bado ya moto alipomaliza. Na mpaka leo, ukungu ukishuka, yule bwana anasimama pale konani, anapiga honi mara mbili, anazima injini, anasikiliza. Kisha anawasha anaondoka.

Basi. Mfano wangu unaishia hapo.

Najua mnavyofikiri. Kuna anayesema moyoni, mchungaji leo anawasema vijana wa bodaboda. Mwingine anasema, anawasema waume, na ameshamkanyaga mumewe mguu chini ya benchi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anafikiri namsema yeye kwa haya mataa mapya tuliyofunga humu, na vipaza sauti vinavyosikika mpaka mnadani. Mwenyekiti, tulia. Sijafika kwako.

Mimi nawasema wale majirani. Wale waliosikia.

Mume hakusikia. Kosa lake kubwa, na ataishi nalo. Lakini wale walisikia! Mtu alikuwa anaita kutoka korongoni, anaita kwa neno lilelile aliloita kila siku, wao wakasema ni kawaida yake. Sauti ilitoka chini, wao wakasema ipo juu. Hakuna aliyejiuliza, mbona anaitikia na hakuna aliyemwita? Je, walikuwa watu wabaya? Walimpenda yule mama. Kwenye mazishi walilia kuliko ndugu zake.

Na sisi je? Jumapili tunapeana mikono pale mlangoni. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Mzima wewe?" "Namshukuru Mungu." Tunapita. Sasa nawauliza, na msinijibu kwa mdomo: ni mara ngapi mtu amekuambia "namshukuru Mungu" na sauti yake ilikuwa inatoka chini? Uliisikia ikitoka chini. Sikio lako lilijua. Ukasema, huyu ndivyo anavyojibu siku zote, ukaenda kununua sukari. Mama anasema "nzuri" na nyumbani hakukaliki. Baba anasema "tunapambana" na jana ameshaitazama kamba. Binti anaimba kwaya mstari wa mbele, anaimba vizuri sana, na sisi tunamsifu sauti. Wapendwa, watu wanatuitikia wakiwa korongoni! Wanaitikia kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, hawana neno lingine la kuombea msaada isipokuwa lile la salamu. Na sisi tunaendelea kulima.

Mtaniuliza, mchungaji, faraja ya mfano huu iko wapi? Nimeitafuta tangu Jumatano. Nilitaka yule mama nimtoe hai, nikamrudisha mara mbili tatu kichwani nikiwa nimeshika kisu na kiazi, na kila mara nikakumbuka majirani wanavyolima, nikashindwa. Sisi tuliobaki juu ya barabara hatuna cha kujitetea. Tulisifu mataa. Tulisikia sauti. Hatukuuliza.

Kwa hiyo leo sitawaambia tusimame tuimbe. Kaeni. Mzee wa zamu, naomba uzime hayo mataa, yote, madirisha yanatosha. Kipaza sauti hiki nacho nakizima mwenyewe, mtanisikia tu, kanisa si kubwa hivyo.

Haya. Mgeukie uliyekaa naye. Muulize habari yake. Akikuambia nzuri, usimwachie mkono. Nyamaza kwanza, usikilize sauti hiyo inatoka wapi.