Pilau ya Kikao na Mfereji Ulioziba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, masufuria na vyeo kama sisi, kulikuwa na Baraza la Bonde. Kazi zake zilikuwa tatu: barabara, njia za maji, na kulinda mazingira. Tatu tu! Na hizo zikawashinda.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Kiboko. Mjumbe wa barabara, Mzee Tembo. Mjumbe wa mazingira, mtacheka, alikuwa Ngiri, analala kwenye matope na kuamka kwenye matope.

Wee hapo nyuma, usicheke bado. Sijafika.

Baraza hilo lilikuwa na desturi moja, nayo waliiheshimu kweli kweli: kikao bila pilau si kikao. Na anayepika ndiye mwenye kikao, wajumbe humfuata kwake. Mpishi siku zote alikuwa mke wa Kiboko, kwa hiyo vikao vyote vilifanyika kwa Kiboko, bwawani. Walikula kwenye majani ya mgomba, na wakishiba, chubwi! Majani wanayatupa mferejini.

Sasa mfereji huo ndio uliopeleka maji kule chini kwa wanyama wadogo. Majani yakarundikana, magugu yakaota juu yake, mfereji ukaziba. Na barabara ya nchi kavu? Msiniulize. Tembo mwenyewe alikuwa ameiziba kwa miti aliyoiangusha akitafuta vichipukizi. Wadogo tu ndio walioweza kupenya chini ya matawi.

Siku moja Mama Chura akaja barazani, ruka, tua, ruka, tua, pumzi juu juu.

"Waheshimiwa, kidimbwi changu kinakauka! Wanangu bado viluwiluwi, hata miguu hawana. Maji yakiisha watakufa nikiwaangalia!"

Kiboko akapiga mbweu. "Bweee! Pole sana, mama. Suala lako limepokelewa."

"Limepokelewa, halafu?"

"Tutaunda kamati."

"Na kamati ikikwama?"

"Tutaunda kamati ya kuikwamua kamati," alisema Tembo, mdomo umejaa wali. "Sasa tupishe, mama, pilau inapoa."

Maskini Mama Chura! Akarudi analia njia nzima. Mlangoni akamkuta jirani yake, Nguchiro, yule mnyama mdogo mwepesi, macho hayatulii hata akila.

"Dada Chura, futa machozi kwanza. Vitunguu unavyo?"

"Ninavyo."

"Mafuta? Bizari? Mdalasini?"

"Vyote vipo. Lakini maji sina, Nguchiro! Utapikaje?"

"Nani kakuuliza maji?" alisema Nguchiro, na mbio akapanda bwawani.

"Hodi, waheshimiwa! Kikao cha kesho napika mimi. Mimi na wenzangu wa kule chini tumechanga gunia zima la mchele wa kunukia."

Masikio ya Ngiri yakasimama wima. "Gunia zima?"

"Zima, mjomba. Karibuni kwangu."

Tembo akakuna shavu. "Tutafikaje? Barabara imezibwa."

"Imezibwa na nani, mzee?"

"Ehem! Hayo tuyaache."

"Basi piteni mferejini. Au ahirisheni, mimi sina neno. Tutajilia wenyewe."

"Aahirishe nani?" Kiboko alifoka hadi maji yakatikisika. "Kikao kipo palepale!"

Kesho yake Nguchiro akawasha moto, akabandika sufuria kubwa, akamimina mafuta na vitunguu. Chwaaaa! Akatia bizari, akatia mdalasini, akatia iliki. Kisha akachukua ungo, akasimama kwenye upepo, akaanza kupepea ile harufu kuelekea juu. Fuu! Fuu! Fuu!

Huko juu Kiboko alikuwa ameshanasa kwenye magugu, tumbo huku, kichwa kule. Harufu ikamfikia.

"Mmmh! Jamani, mdalasini huo!"

Akasukuma kwa tumbo. Pwaa! Magugu yakang'oka.

Tembo akakutana na gogo. "Nani mpumbavu kaweka gogo hapa?"

"Wewe, juzi," alijibu Ngiri.

Tembo akalikamata kwa mkonga, kraak! likaruka ukingoni. Naye Ngiri akainamisha kichwa, akachimba matope kwa pembe zake huku akinung'unika: "Majani ya mgomba, majani ya mgomba! Wachafu gani hawa wanaotupa majani mferejini?" Akavuta jani moja, akakuta matobo mawili ya pembe zake mwenyewe. Akalifukia haraka kwenye matope ya ukingoni.

"Fanyeni haraka," alisema Kiboko, jasho linamtiririka, "watatuachia ukoko!"

Lo! Mngewaona, wanangu. Wajumbe wasioinua hata kijiko bila kusaidiwa, leo wanasukuma, wanavuta, wanachimba. Mgongo unawauma na hakuna anayepumzika. Mwishowe wakaegemea bonge la mwisho wote kwa pamoja. Moja, mbili, tatu, GBUUU!

Maji yakafunguka, yakawabeba waheshimiwa wote watatu, pindu pindu, mpaka uani kwa Nguchiro. Yakaingia kidimbwini. Viluwiluwi wakaanza kukimbizana, na Mama Chura akapiga vigelegele huku analia, hajui ashike lipi.

Kiboko akainuka, gugu limemning'inia sikioni. "Pilau iko wapi?"

Akafunua sufuria. Vitunguu na viungo tu, vimekauka kau.

"Nguchiro! Wali uko wapi?"

"Mchele huo kwenye gunia, mwenyekiti."

"Mbona hukupika?"

"Ningepika na nini? Maji ndiyo mmeyaleta sasa hivi."

Akachota maji mferejini, akamimina sufuriani. Chwaaa!

"Kaeni, kikao kifunguliwe. Ajenda ya leo ni mfereji."

Wajumbe wakageuka kuuangalia mfereji. Ulikuwa unapitisha maji, safi, mpana kama tumbo la Kiboko.

"Imepitishwa," alisema Kiboko kwa sauti ndogo.

Pilau ikaiva, wakala wote, wakubwa kwa wadogo. Kiboko aliposhiba akainua jani lake la mgomba, mkono tayari kulitupa majini. Mama Chura akasimama ukingoni, mikono kiunoni. Viluwiluwi wakatoa vichwa.

Kiboko akaliangalia jani. Akauangalia mfereji. Akapapasa mgongo wake unaouma.

Akalitia jani mdomoni, akalitafuna, akalimeza.

Tembo na Ngiri wakatazamana, nao wakatafuna yao.

Basi mjue, wanangu: shida ya mdogo hupata dawa siku mkubwa anapolazimika kuipita kwa miguu yake mwenyewe.