Mashine Inayolala Njaa

Macho huona kilicho juu ya maji. Mikono iliyochonga, ikaziba, ikapaka, hayaioni. Ndiyo maana ya methali isemayo, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Andendekisye wa Ikolo aliijua tangu shuleni, lakini alikuja kuielewa siku kakao yake ilipotaka kuteketea.

Jirani yake, Keziya, alikuwa mjane wa rafiki yake Hezroni. Marehemu alimwachia mashine ya kufyekea majani, ile inayovaliwa begani, naye aliitunza vilevile alivyoitunza mumewe. Kila alipomaliza kufyeka aliketi barazani, akarudisha kwenye dumu petroli yote iliyobaki, akafua chujio la hewa kwa sabuni na kulianika kivulini, akanoa kisu chake, kisha akaifunika kwa shati la kazi la Hezroni. Kati ya nguo za marehemu, shati hilo peke yake ndilo ambalo hakumgawia mtu.

"Shemeji," Andendekisye alimtania kutoka ng'ambo ya migomba, "mtu kakufanyia kazi kutwa, halafu unampokonya hata chakula?"

"Hezroni alisema mashine hulala njaa ili iamke na nguvu," alijibu Keziya bila kuinua uso. "Yako inalala imeshiba, siyo? Haya, siku ya kuiamsha utaniita."

Andendekisye alicheka mpaka akashika mbavu. Mashine yake, iliyofanana na ile kama pacha, ilining'inia stoo na petroli tumboni tangu palizi ya mwezi wa nne. Majani pembeni mwa shamba lake yalikuwa yamefika kiunoni. "Kyela hii ya mvua," alizoea kusema, "moto utaanzia wapi?" Na mashine ya Keziya ilipoitika kwa mvuto mmoja, alisema mama yule ana bahati tu.

Mwezi wa kumi watu walianza kuchoma mabua ya mpunga, moshi ukatanda mashambani mchana kutwa. Adhuhuri moja upepo wa ziwani ulivuma ghafla. Moto ukatoroka kwenye majaruba ya mpunga, ukadaka nyasi kavu, ukaelekea kwenye kakao ya Andendekisye. Yeye na mkewe Beatrice walikuwa wameilea miaka minne, na mwaka ule ndio kwanza ilikuwa imezaa.

Alikimbilia mashine. Akavuta kamba mara moja, mara tano, mara kumi. Ikakohoa kama mzee mwenye pumu, ikanyamaza. Petroli ilikuwa imeharibika tumboni, ikanata kwenye kabureta kama ulimbo.

"Baba Asifiwe, vuta!" alilia Beatrice, akifyeka kwa panga huku moshi ukimtoa machozi.

"Si ninavuta!"

Hapo ndipo muungurumo uliposikika nyuma ya migomba. Keziya alitokea na mashine begani, amevaa shati la Hezroni, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Shemeji, acha kumbembeleza huyo mfu! Shika reki, vuta majani nyuma yangu!"

Alifyeka akienda, akafyeka akirudi, cheche zikimwangukia mabegani, wala hakugeuza uso. Nyuma yake Andendekisye alivuta majani kwa reki, udongo mtupu ukabaki wazi, upana wa hatua nne. Moto ulifika ukingoni, ukanyoosha ndimi zake, ukakosa cha kulamba. Miti sita ya pembeni ilibabuka. Mingine yote ilisimama na matunda yake.

"Ndaga fijo, shemeji," Andendekisye alishukuru. Alitaka kuongeza neno juu ya bahati, akamwona Keziya amekwisha kaa chini, mbali na majivu, anamimina petroli kwenye dumu. Ncha za vidole vyake zilikuwa na nyufa nyeusi za oili, nyufa za miaka, si za siku ile.

"Lete na yako," alisema Keziya. "Tuisafishe, nayo ikajifunze kulala njaa."

Andendekisye akaileta, akaketi, akajifunza. Hadi leo, ukimuuliza kwa nini mashine ya Keziya huitika kwa mvuto mmoja, hakutajii bahati. Atakujibu kwa maneno matatu tu: ukiona vyaelea, vimeundwa.