Zimwi Lililokula Siku za Mize

Sogeeni, tulieni, kisa kinaingia. Hapo kale palikuwa na mjane aitwaye Mize, aliyechoshwa na kazi za kila siku.

Zimwi likamtokea kisimani. "Niachie kazi zinazokuchosha. Nitazifanya kwa mikono yako, nawe hutahisi kitu."

Mize akaliachia kutwanga. Hakuhisi kitu, akafurahi. Akaliachia kuteka maji, akafurahi zaidi. Mwisho akaliachia hata kumwogesha mwanawe, Kibibi.

Misimu ikapita kama kufumba na kufumbua. Asubuhi moja Mize akazinduka, akamwona msichana mrefu mlangoni.

"U mtoto wa nani?"

"Wako, mama," akajibu Kibibi.

Mize akakimbilia kisimani. "Nirudishie siku zangu."

"Nimekwisha kuzila," likasema zimwi. "Kazi nakurudishia. Siku ulizobakiwa nazo, zishike mwenyewe."

Akarudi nyumbani, akachukua kitana. "Njoo nikusuke, mwanangu."

Kibibi hakusogea. "Leo ni wewe, au ni yule?"

"Ni mimi."

Kibibi akaketi, lakini shingo yake ilikakamaa hadi msuko wa mwisho, na Mize akauhisi ukakamavu ule wote vidoleni mwake.

Kisa kimefika ukingoni. Anayeondoka na aondoke nacho.