Mawe ya Bibi Otsune

Paukwa!

Pakawa!

Mkubwa sogea, mtoto kaa, nafasi ipo.

Kuna fumbo moja limenishinda, na mvi zimeniota nikiliwaza. Huko Japani, kwenye milima ya theluji, wanyama walikuwa na hadithi ya mtoto aliyezama mtoni. Ya kale ilisema: barafu ilipasuka, mtoto akaenda. Basi. Ya baadaye ilisema: alisukumwa. Na ilipokuja hiyo ya baadaye, ya kale hakuna aliyeitaka tena. Kwa nini? Sijui mpaka leo. Mkijua, niambieni.

Hapo zamani, kale ya kale, aliishi kima mmoja, jina lake Bibi Otsune. Uso mwekundu, manyoya mazito, ulimi mtamu. Alikaa penye chemchemi ya maji moto. Nje theluji, pwa, pwa, pwa. Majini mvuke, fuuu. Wanyama wote wa mlima walikuja kuoga na kusikiliza hadithi zake. Na desturi yao ilikuwa hii: msimuliaji akisema, wasikilizaji huitikia "Hoo!" Wakiitikia wote, hadithi ni kweli. Wakinyamaza, hadithi imekufa.

Hadithi ya mtoto aliyezama, Otsune aliachiwa na bibi yake. Akaisimulia kama ilivyo. Wakapiga miayo.

"Barafu tu?" akauliza Iwao, nguruwe-mwitu. "Hadithi gani hii, haina hata wa kumchukia?"

Mwaka uliofuata, Otsune akamtia tanuki hadithini. Tanuki ni mnyama wa huko, mfupi, mnene, mweusi machoni kama aliyepakwa masizi. "Tanuki akaja nyuma yake. Tanuki akamsukuma. Chubwi!"

"Hoo! Hoo!" Maji yakaruka kwa vifijo.

Hata tanuki mwenyewe, Mzee Mosuke, jirani yake Otsune, alicheka mpaka akashika tumbo. "Bibi, umenipa sura mbaya!"

"Sura mbaya unayo, jirani. Mimi nimekupa kazi."

Miaka thelathini Otsune aliisimulia hivyo.

Mwaka wa thelathini na moja, asubuhi, Osayo alimtafuta mwanawe. Osayo ni fisi-maji, na mwana huyo ndiye wa pekee, mchanga, hajajua kuogelea. Akatafuta, hayupo. Akaona tundu kwenye barafu ya mto. Kando ya tundu akaona nyayo za Mosuke, maana Mosuke hunywa maji hapo kila siku. Osayo akapiga yowe. Hakuuliza nani. Alikuwa amejua tangu utoto wake.

Wakakusanyika chemchemini. Mosuke akawekwa katikati.

"Nilikwenda kunywa maji. Mtoto sikumwona."

"Babu yako naye alisema hivyo hivyo," akasema Iwao.

"Babu yangu yupi?"

"Wa kwenye hadithi."

Otsune akatoka majini. "Jamani, nisikilizeni. Tanuki nilimtia mimi. Nilitaka mchangamke. Ya bibi yangu ni hii. Mtoto alikwenda mtoni."

Kimya.

"Barafu ilikuwa nyembamba."

Kimya.

"Barafu ikapasuka."

"Hoo," akaitikia Mosuke, peke yake.

Osayo akamtazama Otsune, macho yamevimba. Hakuwa mbaya, mama huyu. Alikuwa amefiwa. "Bibi, miaka thelathini ulisema kweli, leo unasema uongo? Au uongo ni ule wa miaka thelathini? Nishike lipi? Mwanangu nimdai barafu?"



Shauri likakatwa. Mosuke avuke mlima, aende zake. Pango lake lizibwe kwa mawe, asirudi kulala humo. Wote walijua maana yake: ng'ambo ya mlima theluji inafika shingoni, na Mosuke ni mzee. Azibe nani? Nguruwe ana kwato. Korongo ana mdomo. Fisi-maji ana msiba. Mwenye mikono ni mmoja.

"Nikikataa?" akauliza Otsune.

"Maji haya huyaingii tena," akasema Iwao. "Wewe na wajukuu zako."

Wajukuu wanne, mdogo bado ananyonya.

Otsune akainama, akabeba. Jiwe, puu. Jiwe, puu. Mosuke alisimama kando, theluji imemjaa mgongoni.

"Hilo litaporomoka, Bibi," akasema taratibu. "Anza na jiwe bapa."

Otsune akaliondoa. Akaanza na bapa. Mosuke akangoja mpaka likae sawa, kisha akageuka, akaushika mlima. Jua lilipoinama, pango lilikuwa limezibwa, na aliyeliziba ni Otsune, kwa mikono yake miwili.

Funzo ni hili, wakubwa na watoto: ukimtwika mwenzako ubaya ili watu wachangamke, siku utakayotaka kumtua, watu watakukatalia.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa pango, na mbele yake sina neno.